Kompyuta nzee imeanza vituko: maswali yanayoulizwa kila siku

Mimi si fundi wa duka. Nakaa Umoja, Nairobi, na miaka kadhaa iliyopita majirani waliniona kibarazani nimefungua kompyuta yangu nzee, skrubu nimezipanga kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee, basi tangu siku hiyo kila mashini ikikohoa kwa ploti naitwa mimi. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, na nimeyapa namba ili nisirudie kitu mara tatu.

## Kabla hujaita mtu

1. Kompyuta inafanya kitu cha ajabu. Nianze wapi?

Anza na daftari. Sitanii. Andika imefanya nini, saa ngapi, ilikuwa imewaka kwa muda gani, na ni kitu gani kingine kilikuwa kimewashwa kwa nyumba. Fundi akikuuliza iliharibikaje ukamwambia "ilianza tu", hapo amebaki kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe. Ukimwambia "inazima kila siku kama saa mbili kasoro usiku, mchana haina shida", umeshamfanyia nusu ya kazi (na pengine hutamhitaji, soma namba 6).

Halafu fikiria vitu vinne kwanza: stima, joto, vumbi, na waya uliolegea. Mashini ya miaka kumi na kitu vituko vyake vingi vinatoka hapo. Zima, chomoa kwa soketi, kisha kila waya nyuma uchomoe na uurudishe hadi ukae sawa, ukiwemo ule mnene wa stima unaoingia kwa pawa saplai (kile kisanduku cha chuma kinachogawa stima ndani), huo unalegea sana na watu hawauangalii.

Na usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Ukibadilisha RAM (vile vijiti vya kumbukumbu), waya na Windows siku moja na ikapona, hutawahi kujua ilikuwa nini, na ikirudi unaanza upya.

2. Mbona nikizima usiku na kuwasha asubuhi shida iko pale pale, lakini nikibonyeza Restart inaisha?

Kwa sababu kuzima si kuzima. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inahifadhi sehemu ya ndani kabisa ya Windows kwa diski ili kesho iwake haraka, kwa hivyo uchafu wa jana unaamka nao. Restart ndiyo inaanza na ukurasa mpya. Ukiwa na kituko chochote cha programu, sauti imepotea, printa haionekani, Wi-Fi imekataa, jaribu Restart kabla hujafikiria kitu kingine. Fast Startup yenyewe unaweza kuizima kwa Control Panel, upande wa Power Options.

3. Si hii ni virusi tu?

Mara nyingi sivyo. Virusi havifanyi kompyuta izime ghafla kama imepigwa ngumi, na havibadilishi rangi ya skrini iwe ya waridi. Jaribio rahisi: je, kituko kinatokea hata kabla Windows haijafunguka, ile hatua ya maandishi meupe kwa skrini nyeusi? Kama ndiyo, hiyo karibu kila mara ni chuma na hakuna antivairasi itakusaidia. Virusi ninavyokutana navyo kweli mtaani vinatoka kwa flashi za saiba, hivyo viko namba 13.

## Kuwaka na kuzima

4. Imekufa kabisa, hata taa haiwaki.

Chomeka chaja ya simu kwa soketi hiyo hiyo. Najua unaona ni dharau lakini nishawahi kupanda ngorofa nne na bisibisi mkononi nikakuta tokeni za stima ndizo zimeisha, mwenye nyumba anatumia tochi ya simu kunionyesha kompyuta "iliyoharibika".

Kama soketi iko sawa, badilisha waya wa stima, ule wa kompyuta unafanana na wa skrini na printa nyingi, azima mmoja. Angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, mtu akisukuma meza ukutani inajizima. Halafu chomoa kila kitu cha USB: flashi, modemu, kibodi, kila kitu. USB iliyopinda ndani ikapiga shoti inaweza kuzuia mashini nzima isiwake.

Laptop ni tofauti kidogo. Toa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kama nusu dakika, halafu rudisha chaja peke yake ujaribu. Inaonekana kama uganga lakini unaondoa umeme uliobaki ndani, na nimeona laptop zilizotangazwa maiti zikiamka hivyo.

Ile ya mezani ikikataa baada ya hayo yote, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Usiifungue hiyo. Narudia, USIIFUNGUE, ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme wa kukuumiza vibaya hata kama umechomoa. Inabadilishwa nzima.

5. Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi na inalia tii tii tii.

Hiyo ni kompyuta inaongea. Ile milio ina maana, ila kila mtengenezaji wa BIOS (programu ndogo inayoamsha mashini kabla ya Windows) ana lugha yake, kwa hivyo hesabu milio, mirefu mingapi na mifupi mingapi, halafu tafuta kwa jina la mashini yako. Kwa mashini nzee ninazoletewa, mara nyingi ni RAM.

Chomoa stima. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi umeme uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu ndani. Toa RAM, chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, sugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu pande zote mbili. Utaona raba imekuwa nyeusi. Hiyo nyeusi ndiyo ilikuwa shida yako. Futa unga wa raba kwa kitambaa kikavu, rudisha RAM ukisukuma ncha zote mbili mpaka klipu zilie "ka". Watu wengi wanasukuma kiuoga, upande mmoja unaingia mwingine unabaki juu, halafu wanasema imeharibika zaidi.

Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Kama inawaka lakini inagandaganda au inaleta skrini ya bluu kila saa na ujumbe tofauti, weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwa flashi uiwashe nayo usiku kucha. Ikipata hata kosa moja, na umeshasugua meno, hiyo RAM ni ya kubadilisha. Ukienda kununua nenda na ile ya zamani mfukoni, DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato wake uko mahali tofauti.

6. Inajizima au inajiwasha upya yenyewe jioni tu. Mchana iko sawa. Ni mapepo?

Kuna mama mmoja hapa kwa ploti, kompyuta ya mtoto ilikuwa inajiwasha upya kila jioni, na fundi alikuwa ameshamuuzia RAM na kumwekea Windows mpya. Nikaenda na daftari, nikapewa chai, nikakaa. Saa moja na dakika arobaini hivi, taa ya sebuleni ikafifia kidogo, kidogo tu, kama mtu amepitisha mkono mbele yake, na hapo hapo kompyuta ikafanya "tik" na kuanza upya. Nikauliza nani yuko bafuni. Alikuwa baba, ametoka kazini, amefungua ile shawa ya maji moto.

Hesabu yake ni hii. Shawa ya papo kwa papo ya wati 5,000 kwa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 20 kwa mpigo. Kompyuta ya nyumbani na skrini yake ni kama wati mia moja, mia moja na kitu. Shawa ikiamka volti za nyumba zinashuka kwa muda mfupi. Pawa saplai nzima inatakiwa kuvumilia stima ikipotea kwa kama sehemu 16 za elfu moja za sekunde hivi, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kompyuta isijue. Ikizeeka kapasita zake zinachoka, uvumilivu unaisha, kila mtikisiko unaiangusha. Mchana watu wako kazini, hakuna anayeoga wala kupiga pasi, iko poa. Jioni ploti nzima inaoga.

Dawa: usiweke kompyuta kwa ekstensheni moja na pasi, jagi ya umeme au mikrowevu. Halafu ama badilisha pawa saplai au nunua UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia stima ikikatika). UPS betri yake ni ya kama miaka miwili mitatu, ikilia na kuzima papo hapo stima ikienda, betri imekufa, badilisha betri si UPS nzima. Na usichomeke printa ya leza kwa UPS ndogo, itaizidi nguvu. Kama taa zinafifia sana kila shawa ikiwashwa mwambie keyateka alete fundi wa stima aangalie nyaya, hapo si mambo ya kompyuta tena.

7. Asubuhi za Julai haiwaki mpaka nijaribu mara tano sita, ikishapata joto inaenda siku nzima.

Hii napenda kuulizwa kwa sababu hakuna anayeamini jibu. Ni baridi kweli. Kapasita za pawa saplai na mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani) zina majimaji ndani, zikizeeka yanakauka, na kapasita iliyokauka inafanya kazi vibaya zaidi ikiwa baridi. Kila ukijaribu kuwasha inapata joto kidogo, mara ya sita inatosha. Desemba utasema imepona. Haijapona.

Fungua kasha uangalie zile kopo ndogo zilizosimama kwa mazabodi. Kichwa kinatakiwa kuwa bapa. Kikivimba kama mkebe wa nyama ulioharibika, au kuna uchafu wa kahawia umetoka, hiyo imekwisha. Mashini za miaka ya 2000 mwanzoni zinajulikana kwa hili, kulikuwa na kapasita nyingi mbovu sokoni dunia nzima wakati huo. Fundi anayejua kulehemu kwa risasi anaweza kuzibadilisha, lakini kama ni mazabodi ya enzi hizo pesa hiyo mimi ningeiweka mahali pengine (namba 20).

8. Inafanya kazi dakika ishirini halafu inazima. Nikingoja inawaka tena.

Joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajizima yenyewe isiungue, na hiyo ni bahati yako. Fungua uone feni: ukikaa karibu na barabara ya vumbi utakuta kati ya feni na ile chuma yenye mapezi kuna blanketi la kijivu limeshonana, hewa haipiti kabisa. Toa kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Na tafadhali usiipeleke petroli stesheni kupuliziwa na ile hewa ya matairi, ile pampu inatema maji pamoja na hewa na ina nguvu za kung'oa vitu.

Kama vumbi limeisha na bado inachemka, ile pesti kati ya prosesa na chuma imekauka kama saruji. Inafutwa kwa spiriti na kitambaa kisicho na manyoya, unaweka tone kama punje ya ndengu, basi. Watu wanapaka kama siagi kwa mkate, sijui nani aliwafundisha.

Laptop kwa kitanda juu ya blanketi ni kosa hilo hilo, matundu yako chini.

## Saa, intaneti na bando

9. Saa inarudi miaka nyuma kila nikiwasha, na kila tovuti inasema si salama.

Betri ya mazabodi. Ile duara bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Ndiyo inayoshika saa kompyuta ikichomolewa. Ikifa, mashini inaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari ya mwaka ilipotengenezwa, halafu tovuti zinaonyesha cheti kinachosema "naanza kutumika 2025" na kompyuta inasema hapana, hii ni 2009, huyu ni mwongo. Ndiyo maana benki, barua pepe na eCitizen zote zinakataa kwa pamoja na watu wanadhani wamedukuliwa.

Bei yake haizidi chakula cha mchana kibandani. Chomoa stima, sukuma ile klipu ndogo kwa ukucha, betri itaruka, weka mpya upande wenye maandishi ukiangalia juu, washa, ingia BIOS uweke tarehe na saa. Kama ukiwasha inalalamika tu kuhusu mipangilio na kutaka ubonyeze F1, ni hii hii.

10. Saa nimerekebisha lakini tovuti bado hazifunguki vizuri.

Una Windows 7, sivyo? Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali kukaa ndani yake ni namba 109 ya mwaka 2023. Tovuti zinasonga mbele na wewe umebaki steji. Angalia namba 20. Kama ni tarehe 29 Juni na unataka ritani ya KRA usianze kubadilisha Windows usiku huo, nenda saiba ufanye kazi yako, urudi kwa mashini Julai.

11. Nikiunganisha kompyuta na simu bando linaisha dakika kumi na sijafungua kitu.

Windows inajivutia apdeti. Ilikuwa imezimwa wiki tatu, imepata intaneti, inakula kama mtoto aliyetoka shule. Ukishaunganisha na simu, nenda kwa mipangilio ya hiyo Wi-Fi uwashe Metered connection, itaacha apdeti nyingi mpaka uipe ruhusa. Apdeti zifanye ukiwa na Wi-Fi ya watu.

## Diski na faili

12. Imekuwa pole sana, kufungua Word naenda kupika ugali na kurudi.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, angalia safu ya Disk. Kama inakaa asilimia 100 hata ukiwa hujafanya kitu, diski ya kuzunguka imechoka au haimudu Windows ya siku hizi. Ukiweka SSD (diski isiyozunguka), hata ndogo ya GB 240, mashini ya 2012 inakuwa kama imezaliwa upya. Kati ya vitu vyote ninavyowashauri watu wanunue, hiki ndicho hakuna aliyewahi kurudi kunilalamikia.

Lakini kabla ya kufurahia soma namba ifuatayo, kwa sababu diski pole inaweza kuwa diski inayokata roho.

13. Diski inalia ka-ka-ka. Na flashi yangu faili zote zimegeuka shotikati.

Haya ni mambo mawili ila nayaulizwa kwa pumzi moja.

Diski inayogonga: acha kila kitu, nakili picha na vyeti kwanza. Si kesho. Usiendeshe chkdsk (ile programu ya Windows ya kukagua diski), usiweke Windows upya, kila dakika ya kuisumbua inaweza kuwa ya mwisho. Ukishanakili ndiyo uweke CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kuangalia afya ya diski, ikisema Caution au Bad anza kutafuta nyingine. Wakati mwingine ni waya wa SATA tu uliolegea, hivyo badilisha huo pia, lakini baada ya kunakili. Mambo ya kuiweka diski kwa friji usiyajaribu, maji yanaganda juu ya sahani zake na hapo umeimaliza.

Flashi ya shotikati: faili zako ziko, zimefichwa tu. Usiformati. Usibonyeze zile shotikati, ukibonyeza unaiwasha virusi kwa kompyuta yako. Fungua Command Prompt, kama flashi ni E andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Subiri, faili zitarudi. Nakili zile unazozijua, scan kwa antivairasi, halafu ndiyo uformati flashi. Ukienda tena saiba kuprinti jitumie kwa barua pepe badala ya kuchomeka.

14. Nikiwasha inaandika "Reboot and Select proper Boot device". Diski imekufa?

Toa flashi kwanza. Ukiiacha imechomekwa kompyuta inajaribu kuamkia humo, haipati Windows. Ukiitoa na bado, angalia waya wa diski, halafu betri ya namba 9, kwa sababu ikifa mipangilio ya BIOS inasahaulika na mashini haijui tena iamkie wapi. Ukimaliza hayo ndiyo uilaumu diski.

## Skrini na kibodi

15. Skrini inawaka sekunde mbili halafu inakuwa nyeusi, lakini nasikia sauti.

Zima taa ya chumba, mulika tochi ya simu kwa skrini kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kwa mbali, picha ipo na taa ya nyuma ndiyo imekufa. Kwa skrini nzee za bapa ni taa zenyewe au saketi inayoziwasha, na kurekebisha mara nyingi kunakaribia bei ya skrini ya mtumba.

Rangi ya njano au waridi ni waya wa VGA, kaza zile skrubu mbili, na uangalie kama kuna pini iliyolala.

16. Skrini imepinduka juu chini. Kibodi inaandika namba badala ya herufi. Au haiandiki kabisa.

Una mtoto nyumbani, au paka. Skrini: Ctrl+Alt na mshale wa juu, mashini nyingi nzee za Intel zinakubali. Namba: laptop imewashiwa NumLock, izime. Haiandiki kabisa: mtu ameshikilia Shift ya kulia sekunde nane ikawasha Filter Keys, ishikilie tena sekunde nane izime. Hiyo ya tatu imewauzia watu kibodi mpya bure.

## Vituko vyenyewe

17. Nikigusa kasha ya kompyuta miguu peku, inaniuma kama siafu.

Usipuuze hii. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachounganisha nyaya za stima na kasha, na kinategemea ule waya wa tatu, wa athi, kupeleka hicho kidogo ardhini. Kama soketi yako haina athi, au umetumia plagi ya pini mbili iliyolazimishwa na kalamu, kasha linabaki na kama nusu ya volti za nyumba. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unawashwa tu, lakini inakuambia kwamba siku kitu kikubwa kikiharibika hakuna cha kukuokoa. Mwite fundi wa stima, si wa kompyuta. Na ongea na landilodi, kwa sababu kama kwako hakuna athi basi na jirani hana.

18. Spika zinalia "drrr-dit-dit-dit" zenyewe, sekunde chache halafu simu inaita.

Simu yako iko karibu na spika. Ikiongea na mnara kwa 2G inatuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa spika unageuka antena. Sogeza simu. Hakuna kilichoharibika, wala hakuna anayekusikiliza.

19. Ndani ya kompyuta kuna mende. Wanaweza kuharibu?

Wanaweza. Kuna joto, kuna giza, na ukila ukiwa kwa kibodi kuna chakula. Niliwahi kufungua mashini moja iliyokuwa inakataa kuwaka, nikaikagua saa nzima, mwisho nikaona mende mmoja amekauka ametandaza miguu juu ya pini za nyuma ya soketi ya stima ndani ya mazabodi, ameungua kahawia. Nikamtoa kwa kibano. Ikawaka. Mwenyewe akaniuliza kama nitamtoza.

Usipulize dawa ya wadudu ndani, inaacha unyevu na mafuta. Funga yale matundu ya nyuma ya kadi zilizotolewa, hapo ndipo wanaingilia, na mtego wa gundi uweke nje karibu na kasha.

Na kwa kuwa tuko kwa mambo ya kuungua: kama umeletewa mashini ya zamani kutoka Marekani, kabla hujachomeka angalia nyuma kama kuna swichi nyekundu imeandikwa 115. Isukume iwe 230. Ukisahau utasikia mlio mmoja tu, na harufu. Na laptop iliyoanza kuvimba chini, kipanya cha kugusa kimeinuka, hiyo ni betri, acha kuichaji, usiitoboe wala kuibana irudi.

## Fundi, kubadilisha, kutupa

20. Nirekebishe au ninunue nyingine?

Mimi naangalia hivi. Kama inachukua DDR3 na kuendelea, SSD na RAM ya GB 8 zitaipa miaka mingine. Kama ni DDR2, ishukuru uiache. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel za kizazi cha nane kuendelea, kwa hivyo mashini nyingi za nyumbani hapa hazipiti mlango huo. Unaweza kuweka Linux Mint ya Xfce (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows), mtoto wa kidato cha pili aliizoea kwa siku mbili, baba yake bado analalamika kuhusu Excel.

Ukiamua kununua eksi-UK (mtumba wa Uingereza) mjini kwa Luthuli au Moi Avenue, usilipe kabla haijawaka mbele yako dakika ishirini (namba 8), na fungua CrystalDiskInfo kwa flashi yako pale pale. Muuzaji akikataa, duka la pili liko hatua tatu.

21. Naogopa fundi atanibadilishia vitu vya ndani.

Si uoga wa bure. Nilipokuwa sijui kitu nilipeleka laptop yangu ya GB 8 ikarudi na 4, na "imepona". Siku hizi nawaambia watu: kabla hujaipeleka, Ctrl+Shift+Esc, ukurasa wa Performance, piga picha ya Memory na ya Disk, na ukiweza piga picha ya lebo za RAM na diski zenyewe. Mwonyeshe fundi hizo picha ukimkabidhi, bila kugombana, mwambie tu ni kumbukumbu. Kama shida haihusu diski toa diski ubaki nayo nyumbani, picha zako za harusi hazina kazi dukani.

22. Imekufa kabisa. Naweza kuiuzia wa vyuma vikuukuu?

Toa diski kwanza, usiuze diski. Kama bado inasomeka ifute kwa programu inayoandika juu ya kila kitu, kuformati haraka hakutoshi, faili zinarudishwa kirahisi. Kama haisomeki itoboe kwa drili au uivunje sahani. RAM na pawa saplai nzima weka kando, ipo siku jirani atazihitaji. Kilichobaki usimpe mtu anayechoma nyaya apate shaba, ule moshi ni sumu na watoto wanacheza pale pale. WEEE Centre hapa Nairobi inapokea taka za elektroniki, wapigie kwanza uwaulize kama wanakuja kuchukua au unapeleka mwenyewe.